Maji ya Jangwani Yanaanzia Kwetu

Jumamosi moja ya Aprili, wakati kwetu ni masika, tulikutana wanachama kumi na wanne katika chumba cha kompyuta cha maktaba, hapa London. Kazi tulikuwa tumeiahirisha mara mbili: kuchora nyumba za Dar es Salaam katika OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Kazi yenyewe haihitaji utaalamu mkubwa. Unafungua picha iliyopigwa na setilaiti, unatafuta paa, unabofya kwenye pembe zake, unaandika kwamba hili ni jengo, unahifadhi, kisha unakwenda kwenye paa la pili. Tulikuwa na chupa mbili za chai ya tangawizi na maandazi ambayo aliyeyapika ameomba tusimtaje.

Kabla hatujachora hata nyumba kumi, simu zikaanza kuita. Video zilikuwa zilezile za kila mwaka. Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani. Maji ya rangi ya udongo yamefunika njia ya mwendokasi, abiria wamekwama upande wa Magomeni, na vijana wenye mikokoteni wanawavusha watu kwa malipo. Shabiki mmoja wa Simba akaandika kwenye kundi letu kwamba leo vyura wamepata bahari yao. Ndugu msomaji usiye na timu, makao makuu ya Yanga yako Jangwani, na utani huo umetokana na hayo mafuriko. Tulicheka wote, isipokuwa dada mmoja aliyekuwa amesogea dirishani kupiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Usiwe na wasiwasi. Yamefika ngazi ya pili tu. Godoro tumelipandisha juu ya kabati, watoto wako kwa jirani kule juu. Na wewe huko umekula?"

Shangazi huyo anaishi Magomeni Suna, upande wa bondeni. Dada aliporudi kwenye kiti, mwenzetu mmoja ambaye kwao ni Kinyerezi alisema kwa nia njema kabisa: "Lakini jamani, bondeni si pa kujenga. Kila mwaka wanaambiwa wahame." Dada hakukasirika. Aliuliza tu: "Na hayo maji yanayoingia kwa shangazi yanatoka wapi?"

Tulikuwa na ramani mbele yetu, kwa hiyo tukalifuata swali lake. Tulianzia Daraja la Selander, mto unapoingia baharini, tukapanda nao. Tukapita Jangwani, tukapita Kigogo, Vingunguti, Tabata, Segerea. Hatimaye tukafika Kinyerezi, na kaka yetu akaitambua nyumba ya kwao kwa bati lake la bluu. Ilikuwa umbali mdogo tu kutoka kwenye mto uleule. Jioni hiyo hatukuchora nyumba nyingi. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kutufungia chumba, na makala haya yametokana na mabishano hayo.

Jiji lililokua kuliko viwanja vyake

Tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 356,286 katika mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 1978 walikuwa zaidi ya 840,000. Mwaka 1988 walikuwa milioni 1.36, mwaka 2002 karibu milioni 2.5, na mwaka 2012 milioni 4.36. Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728. Kwa miaka 55 jiji limeongezeka mara kumi na tano. Mtoto aliyezaliwa Magomeni mwaka wa Azimio la Arusha hajafikisha miaka sitini bado, na ameyaona yote hayo kwa macho yake.

Mara nyingi hesabu hizi hutolewa kama utetezi: watu wamekuwa wengi mno, jiji lingefanya nini? Lakini ukitazama jinsi jiji lilivyojengwa utaona kwamba mifereji na mabomba hayakuzidiwa tu na wingi wa watu. Tangu mwanzo hayakukusudiwa watu wote. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa makundi matatu: Uzunguni kulikokuwa na bustani, barabara pana na mifereji, Uhindini kwenye maduka, na Uswahilini, Kariakoo na kuendelea, ambako mtu alipewa kipande cha ardhi na kuachwa ajitegemee. Uhuru ulipokuja ubaguzi wa rangi katika makazi uliondolewa, lakini mabomba yaliyokwisha kufukiwa hayahami kwa tamko. Hadi leo ukiuliza majitaka ya mfereji wa umma yapo wapi, utaelekezwa katikati ya mji na vitongoji vichache. Waliobaki, ambao ndio wengi mno, wana vyoo vya shimo au makaro.

Haina maana kwamba hakuna aliyejaribu. Miaka ya sabini, Tanzania iliacha sera ya kubomoa mitaa ya mabanda na kuchukua njia nyingine. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mradi wa viwanja na huduma ulipima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Serikali ilitengeneza barabara, maji na mifereji, kisha mwananchi akapewa kiwanja ajenge mwenyewe kwa uwezo wake. Manzese, iliyokwisha kujaa watu, haikubomolewa. Ilipitishiwa barabara na kuwekewa huduma hukohuko ilikokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini fedha zikaisha na mradi ukafungwa. Baadaye, kuanzia mwaka 2002, ukaja mradi wa viwanja 20,000, uliopima maeneo ya pembezoni kama Mbweni, Bunju, Tuangoma na Kibada. Ulisaidia, lakini ulikuja baada ya miaka ishirini ambayo jiji lilikuwa limekwisha kuongeza zaidi ya watu milioni moja.

Katika miaka hiyo ya katikati watu hawakusimama barabarani kungoja mpimaji. Walinunua ardhi kwa wenyeji, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi wawili, karatasi ikaandikwa, pesa zikahesabiwa. Walijenga chumba kimoja, wakahamia, wakaongeza cha pili. Inakadiriwa kwamba kama asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi katika maeneo yaliyojengwa hivyo. Watu saba katika kila kumi ndio jiji lenyewe. Kuwaita wavamizi ni kusema kwamba Dar es Salaam imevamiwa na wakazi wake.

Bondeni palivyojaa

Kaka wa Kinyerezi hakukosea kitu kimoja. Bonde la Msimbazi lilijulikana tangu zamani kuwa ni njia ya maji, na ramani za mipango miji ziliacha Jangwani pawe wazi. Jina lenyewe linakumbusha uwazi huo. Hapo palikuwa na viwanja vya mpira na mikutano ya hadhara, katikati ya Kariakoo na Magomeni.

Sasa jiweke mahali pa kijana aliyekuja kutoka Lindi au Kigoma kutafuta maisha, kazi yake ni kubeba mizigo Kariakoo. Kazi huanza alfajiri. Chumba cha bei anayoiweza kiko mbali, na nauli ya daladala kwenda na kurudi itameza alichopata. Bondeni kuna chumba cha bei nafuu kwa sababu kila mtu anajua kwamba kinaingia maji, na unafika kazini kwa miguu. Mtu huyo hajasahau mvua. Amepima siku chache za mafuriko dhidi ya siku mia tatu za kazi, akachagua.

Desemba 2011 mvua ilinyesha kwa siku kadhaa mfululizo kwa kiasi ambacho wataalamu walisema hakijaonekana tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa. Baada ya hapo serikali ilizihamisha familia nyingi za bondeni hadi Mabwepande, upande wa Bunju, nje kabisa ya mji wa wakati ule. Walipewa viwanja, lakini kutoka Mabwepande hufiki Kariakoo kwa miguu. Baadhi waliuza au kupangisha, wakarudi walikotoka. Watu wakasema: si mnaona, hawasikii hawa.

Desemba 2015 likaja tingatinga. Nyumba za bonde la Msimbazi ziliwekwa alama nyekundu ya X na nyingi zikabomolewa. Dada yetu anaikumbuka miezi hiyo kwa sababu shangazi yake alikuwa akiamka usiku kutazama ukuta wake kama umeandikwa. Lakini katika miaka hiyohiyo karakana kubwa ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde lilelile. Huduma ya mabasi ilianza Mei 2016 kwa njia ya kilomita 20.9, na tangu hapo karakana imefurika mara kadhaa, mabasi yakilala ndani ya maji. Hatusemi hili kwa kejeli. Tunataka tu kuonyesha kwamba mtunga mipango mwenye shahada, aliyetafuta eneo kubwa karibu na katikati ya mji, alifikia uamuzi uleule wa mbeba mizigo wa Kariakoo. Hakuna aliyemwita mvamizi.

Mwenzetu wa Nairobi aliongeza kwamba mambo ni hayohayo Mathare, ambako baada ya mafuriko ya 2024 wakazi wa kando ya mto waliamriwa kuondoka na nyumba zikavunjwa, huku mvua zikiwa bado hazijaisha.

Mto unavyojaa

Mmoja wetu anasoma uhandisi wa ujenzi. Alituchorea ubaoni, na tunajaribu kueleza hapa kama tulivyomwelewa.

Msimbazi ni mto mfupi, kilomita kama 35 tangu vilima vya Pugu na Kisarawe hadi baharini. Zamani mvua iliponyesha huko juu ilikuta mikorosho, miembe, mashamba ya mihogo na mchanga. Maji mengi yalizama ardhini, na yaliyobaki yalishuka taratibu, siku moja au mbili, yakapita kwenye mikoko ya mdomo wa mto na kuingia baharini.

Leo mvua ileile inakuta mabati. Paa moja la nyumba ya kawaida, lenye mita za mraba mia moja, likipigwa na mvua ya milimita 50, linamwaga lita 5,000 za maji kwa mkupuo. Uani hakuna tena mchanga, kuna sakafu ya saruji au vitofali vya pevingi. Nje ya ukuta kuna barabara ya lami au udongo ulioshindiliwa na magari. Maji hayana pa kuzama. Kila mwenye nyumba anatoboa tundu chini ya ukuta wake ili yatoke upesi, na yakishatoka kwake anahesabu kazi imekwisha. Zidisha hayo kwa nyumba zote za Kinyerezi, Segerea, Tabata, Ubungo na Kimara, ambazo mifereji na vijito vyake vingi huishia Msimbazi. Maji yaliyokuwa yakishuka kwa siku mbili sasa yanashuka kwa saa chache.

Yanaposhuka kwa kasi yanabeba kingo za mto, ambazo tayari zimelegezwa na wachimbaji wa mchanga wa kujengea. Mchanga huo unakwenda kutua pale bonde linapokuwa tambarare, yaani Jangwani. Kila masika sakafu ya mto inapanda. Chini ya madaraja nafasi inapungua. Ongeza chupa za plastiki na takataka nyingine, na mto unakuwa kama bomba lililoziba mwishoni huku mwanzoni likifunguliwa kwa nguvu zaidi kila mwaka.

Kwa hiyo swali la dada lilikuwa na jibu. Sehemu ya maji yaliyokuwa kwenye ngazi ya pili ya shangazi yalitoka kwenye bati la bluu. Kaka alikaa kimya kidogo, kisha akasema jambo ambalo tulilipenda: "Sisi tuliweka pevingi mwaka jana. Mzee alifurahi kweli, hakuna tope tena." Hakuna aliyemlaumu mzee. Ameishi miaka na tope, ana haki ya kulichoka. Mfereji wa mtaa wao haujajengwa, na yeye hawezi kuujenga peke yake. Lakini ni kweli pia kwamba tope lililoondoka kwake halikupotea. Limehamia kwa mtu mwingine.

Nyumba inayoonekana kwenye LUKU

Tulipofika hapo mmoja wetu alitukumbusha habari ya kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo inakatwa kupitia LUKU. Ukinunua umeme, kiasi cha kila mwezi kinaondolewa kwanza. Kilianza kwa shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida, baadaye kikawa 1,500. Shangazi analipa, kama anavyolipa mwenye ghorofa Masaki. Nyumba yake haina hati, katika mipango ya jiji inaitwa eneo hatarishi, lakini mita yake inaisoma kila mwezi bila kukosea. Tunaona hapo kuna hoja ambayo haihitaji maneno mengi. Kama nyumba ipo kwa ajili ya kodi, basi ipo pia kwa ajili ya mfereji.

Maji safi nayo yana hadithi kama hiyo. Jiji linakunywa hasa kutoka mto Ruvu, kwa mitambo miwili, Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambayo imepanuliwa katika miaka ya karibuni. Lakini mto ni uleule mmoja, na mwishoni mwa 2022, mvua zilipochelewa, ulipungua mpaka mgao ukatangazwa jiji zima. Bwawa la Kidunda, linalokusudiwa kuhifadhi maji ya Ruvu, lilizungumzwa kwa miongo mingi kabla ya mkataba wa ujenzi kusainiwa. Wakati wa mgao mwenye tangi la lita 5,000 juu ya mnara anaita boza. Asiye na tangi anangoja mkokoteni wa madumu, na kwa kila lita anamlipa muuzaji zaidi ya kile ambacho mwenye bomba anailipa mamlaka. Maskini katika jiji hili hanunui kidogo kwa bei rahisi. Ananunua kidogo kwa bei ghali.

Na takataka? Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji kwa sababu ya moshi na uvundo wa jalala lililokuwa mtaani kwao, na mahakama ikawapa haki. Ushindi ule unasomwa mpaka leo na wanafunzi wa sheria ya mazingira. Lakini jalala lilipoondoka Tabata lilihamia Vingunguti, ukingoni mwa Msimbazi, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Kila mtaa uliokuwa na sauti uliliondoa, na kila mara likaenda kwa wenye sauti ndogo zaidi.

Yako mengine ambayo si rahisi kuyasema mezani. Kwenye vichochoro ambako gari la majitaka haliwezi kupita, choo kikijaa wengine hungoja mvua kubwa kisha hukitapisha, uchafu ukaondoka na mafuriko. Unaondoka, lakini unaingia kwenye kisima cha jirani. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam na kuenea nchini, hakikuja kutoka mbali.

Jiji tunamoishi sasa

Wenzetu waliojifunza Kiswahili hapahapa Uingereza walisikiliza yote hayo, kisha mmoja akatupeleka, wiki iliyofuata, hadi mtaa wa Broadwick, Soho, mwendo wa dakika chache kutoka Oxford Circus. Pale kuna mfano wa pampu ya maji. Mwaka 1854 zaidi ya watu 600 walikufa kwa kipindupindu katika mitaa hiyo. Daktari John Snow alipita nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walichota maji wapi, na vifo hivyo baadaye akavichora katika ramani. Vilijazana kuizunguka pampu moja, ambayo mpini wake ulikuwa umeondolewa kwa ushauri wake.

London nayo ilikua kwa kasi. Ilikuwa na watu kama milioni moja mwaka 1801 na milioni sita na nusu mwaka 1901. Matajiri waliweka vyoo vya kuvuta maji majumbani mwao, wakafurahi, na uchafu ukaenda Thames, ambamo wengine walichota maji ya kunywa. Bunge lilijadili kwa miaka mingi bila kuamua. Kiangazi cha 1858 joto lilipanda, mto ukanuka mpaka mapazia ya Bunge yakalowekwa dawa, na sheria ya kujenga mifereji ikapita kwa siku kumi na nane. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikuu ambayo London inaitegemea hadi sasa.

Hatukwenda Soho kusema kwamba Dar es Salaam ingoje karne moja ifanane na London. London ilikuwa na fedha za dola iliyotawala nchi nyingi, na yetu ilikuwa mojawapo baadaye. Jambo tulilorudi nalo ni dogo zaidi. Fedha zilipatikana siku uvundo ulipowafikia waliokuwa wakiuzalisha. Dar es Salaam mwendo huo umeanza. Siku Jangwani inapofungwa, hata mwenye gari la kifahari anayetoka Kimara hafiki ofisini.

Ramani na alama ya X

Kwa bahati nzuri kuna kazi ambayo imekwisha kufanyika, na waliofanya ni wanafunzi kama sisi. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Ardhi wakaingia Tandale, Manzese na mitaa mingine inayofurika, wakiwa na simu na karatasi. Walipita na wenyeji wakichora nyumba, njia, visima na mifereji, na kuwauliza wakazi maji hufika wapi yakijaa. Setilaiti haiwezi kukuambia kwamba mfereji huu umeziba tangu mwaka juzi. Mama anayeuza vitumbua mbele yake anaweza.

Sisi wa mbali tunachora mapaa tu. Lakini hata kazi hiyo ndogo ilizua swali gumu kuliko yote ya jioni ile. Dada alikuwa amefika kwenye mraba wa Magomeni Suna. Aliliona paa la shangazi, bati lenye kutu limegusana na la jirani, na mkono wake ukasita. "Nikilichora," alisema, "ninamsaidia apate mfereji, au ninamwonyesha tingatinga njia?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi. Ndani yake mna daraja jipya la juu pale Jangwani, lenye urefu wa mita 390, kuchimbwa kwa mchanga uliojaa mtoni, na bustani ya umma mahali ambapo maji yataruhusiwa kutanda bila kuua mtu. Kwa maneno ya uhandisi ni mpango mzuri, na mwenzetu wa uhandisi anautetea. Safari hii waliomo kwenye eneo la mradi wanafanyiwa tathmini na kulipwa fidia kabla ya kuondoka, tofauti na 2015. Shangazi ni mmoja wao. Anasema fidia ya nyumba anaielewa. Kinachomsumbua ni kwamba kwa fedha hizo atapata kiwanja mbali, na biashara yake ya kuuza samaki wa kukaanga iko Magomeni, na wateja wake wako Magomeni. Ameshauliza mara mbili atakakokwenda kuna mfereji au hakuna.

Sisi tunaona swali lake ndilo la kuliuliza jiji lote. Bonde lirudishiwe mto, sawa. Lakini mtu akitolewa bondeni akapelekwa pembezoni kusikopimwa, atajenga kama alivyojenga, paa lake litamwaga maji kama linavyomwaga, na baada ya miaka ishirini kutakuwa na bonde jingine na shangazi mwingine. Daraja litawavusha abiria juu ya mafuriko. Mafuriko yenyewe yatapunguzwa huko juu, Kinyerezi, Segerea na Pugu, kwa mifereji iliyopangwa kabla ya nyumba, mabwawa madogo ya kupumzishia maji, na ua uliobakishiwa udongo. Miaka ya sabini tulijua kufanya hivyo. Sinza ipo, inaonekana.

Dada alilichora paa la shangazi. Alisema nyumba ambayo haimo kwenye ramani ikivunjwa, hata ushahidi kwamba ilikuwepo haubaki.

Kaka wa Kinyerezi naye alipiga simu nyumbani Jumapili yake. Alimwamkia mzee, akamweleza habari za mto na bati na pevingi. Mzee alisikiliza, akauliza kama ada ya chuo inalipwa kwa ajili ya kujifunza mambo hayo, kisha akasema mvua ni ya Mungu. Siku ya tatu alituma picha bila maneno. Ni tangi jeusi limewekwa chini ya paa, bomba la kukingia maji limeunganishwa, na pembeni ya geti mstari mmoja wa vitofali umeng'olewa, umepandwa mchaichai.

Tutakutana tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, chumba kilekile. Safari hii tutachora sehemu ya juu ya bonde, kuanzia Pugu kushuka Segerea, ambako nyumba mpya ni nyingi na ramani bado ni nyeupe. Njoo na kompyuta yako na kipanya chake, maana bila kipanya utaumia mkono. Maandazi safari hii yatanunuliwa.